Chakula Kisicho na Mtu

Kwanza ilikuwa sauti ya kuponda. Pu, kisha kimya, kisha pu, na baadaye mwiko ukikwangua ukuta wa chungu taratibu, kama wa mtu anayejua kwamba ana siku nzima. Nilikuwa nimekaa sebuleni nikisoma, mchana mweupe wa Voi, upepo umelala na mabati ya paa yakilia kwa joto. Nilidhani mama ameamka hatimaye. Nilifurahi hata nikakiangusha kitabu. Nikavuka ua, nikausukuma mlango wa jikoni.

Hapakuwa na mtu. Jiko la makaa lilikuwa na majivu ya jana. Mwiko ulining'inia kwenye msumari wake, mkavu. Chungu hatukuwa nacho kabisa. Sisi tulikuwa watu wa sufuria. Lakini palikuwa na harufu ya maharagwe yaliyoiva vizuri, na nilipovuta pumzi ya pili haikuwepo.

Kutoka chumbani, ng'ambo ya ua, mama akauliza kwa sauti ndogo, "Ni nani anayepika?"

"Hakuna, mama."

"Basi mwambie apunguze moto."

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya manjano, mvua zilipokataa na watu wakapanga foleni kwa unga ambao hata kuku waliutazama kwanza. Mama alikuwa ameacha kula. Si kwa sababu ya unga ule. Alianza tuliporudi kutoka Sagalla kumzika bibi, mama yake mzazi. Alikuwa akitia tonge mdomoni, akilizungusha, akitulia kama anayesikiliza, kisha akilitoa polepole kwenye kitambaa. "Hakina mtu," alikuwa akisema. Hakulalamika juu ya chumvi wala mafuta. Chakula hiki hakina mtu, basi. Hospitalini walimpima kila kitu ambacho mtu hupimwa, wakasema mapafu mazuri, damu haba, ale. Nguo zake zikaanza kumpwaya. Alikuwa fundi wa cherehani, na siku moja nilimkuta akilipunguza gauni lake mwenyewe kiunoni, pini mdomoni, ametulia kana kwamba anamshonea mteja. Siku hiyo ndipo nilipoogopa. Tulikuwa wawili tu nyumbani. Kama angeendelea hivyo, ningemzika kabla ya mvua.

Kwa hiyo nikapika. Na kwa kuwa vyakula nilivyovijua vilikuwa vimeshindwa, nikapika kwa vitabu.

Wakati huohuo marafiki zangu wa Nairobi, waliokuwa wakitoa jarida dogo la hadithi na mashairi, walikuwa wameniomba niwaandikie maoni yangu juu ya vitabu vya mapishi. Waliniomba nusu kwa mzaha. Tulipokuwa tukikutana mimi ndiye niliyesimama mekoni huku wao wakibishana juu ya riwaya, kwa hiyo waliona mada inanifaa. Walitaka kucheka kidogo. Nilijaribu, lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyopungukiwa na kicheko.

Chukua kitabu chochote cha mapishi, ukisome kwa sauti ukiwa peke yako katika nyumba iliyotulia, utaona. Kuna mtu anaamuru. Menya. Katakata. Funika. Usifunue. Hujui ni nani, hana umri, hana njaa, hajawahi kuungua kidole. Anajua umefika wapi. Anajua kitunguu chako kimeanza kubadilika rangi, na yuko nyuma yako. Mimi nahangaika kurasa nyingi kumwingiza mtu mmoja chumbani katika hadithi, avute kiti, akohoe, aaminike. Waandishi wa mapishi hawahangaiki. Wanaiingiza sauti peke yake, bila mwenyewe, na tunawaruhusu kwa sababu tunataka keki.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha baba yangu, marehemu, aliyekuwa mpishi kwenye behewa la chakula la treni ya Mombasa. Kiliandikwa na memsahibu mmoja kwa ajili ya wapishi wa Wazungu, kwa Kiswahili kilichovunjika mbavu. Wewe tia siagi. Wewe ngoja kidogo. Wewe hapana koroga tena. Nimesikia wasomi wakikikejeli kitabu cha namna hii, na wana haki. Ila mimi nakipenda kuliko vingine vyote, kwa sababu angalau kina "wewe". Yule memsahibu alimwona mtu amesimama mbele yake, ingawa alimwona vibaya.

Cha pili kilikuwa cha shule, cha somo la upishi, na humo hapakuwa na wewe wala mimi. Kila kitu kilipimwa kwa kikombe, na hakuna popote walipokuonyesha kikombe chenyewe. Nyumbani tulikuwa na kikombe cha bati na kikombe cha sahani za harusi, na cha pili kinaingia ndani ya cha kwanza na nafasi inabaki. Na kila pishi liliishia kwa maneno yaleyale: hutosha watu sita.

Nilikuwa nikimsomea mama kitandani, nikitumaini mate yatamtoka.

"Watu sita?" akauliza.

"Ndio, lakini nitagawanya. Nitapika theluthi."

"Sisi ni wawili."

"Najua, mama. Ndiyo maana nagawanya."

Akafikiri. "Usigawanye," akasema. "Huwezi kujua."

Kitabu hicho kilikuwa na picha. Meza imetandikwa kitambaa cheupe, sahani sita, bakuli la mchuzi katikati linatoa mvuke, na viti vyote sita vimesogezwa nyuma kidogo. Hakuna mtu. Nilikuwa nimeipita picha ile tangu shuleni bila kuiona. Mama aliikamata mkononi, akaisogeza dirishani.

"Walisikia nini hawa," akasema, "wakainuka wote kwa pamoja?"

Nilikifunga kitabu. Usiniulize kwa nini nilikwenda kukiweka jikoni badala ya kukiacha chumbani mwake.

Kurasa za akina mama gazetini ni afadhali kidogo. Humo watu wamo, mume, watoto, wageni wa ghafla. Lakini wote wanatabasamu. Katika miaka yote niliyosoma kurasa hizo sijakutana na mwanamke aliyepika akiwa amekasirika, wakati mimi nimekula chakula cha hasira mara nyingi na nakijua tangu mlangoni. Nilimwambia mama hivyo, nikidhani namchekesha. Hakucheka. Alijiinua kwa kiwiko. Hapo ndipo aliponiambia.

Kwetu Sagalla, mlimani, mkubwa akiwa na hasira na mdogo wake, ile hasira haikai ndani tu. Hutoka hata mwenyewe asipotaka, ikamshika yule mdogo, mguu au mimba au shamba au tumbo. Dawa yake ni kutasa. Mtu husukutua maji, huyapuliza nje kwa nguvu, na kutaja kila kilichomuuma, kisha husema moyo wake umepoa. Kanisani hatuongei juu ya jambo hilo. Lakini sijamwona mwanamke wa ukoo wetu, hata mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, akifunua chungu cha matanga bila kwanza kusukutua mdomo na kusema, "Vumbi hili, jamani."

Na katika nyumba yetu ilikuwa desturi kwamba siku watu wanapotawanyika, binti mkubwa hupika kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na watoto wote wa marehemu hula kutoka chungu kimoja, kwa mkono wake.

"Dada alipuliza," mama akasema. "Akamtaja kaka yetu na yule mbuzi. Akapuliza. Akamtaja mke wa kaka. Akapuliza. Kisha akanitazama mimi, mashavu yamejaa maji. Mchungaji akawa amesogea kutuaga. Dada akameza."

"Akameza nini?"

"Yale maji. Niliyaona yakishuka kooni. Halafu akanipa tonge langu." Akajilaza tena. "Hilo tonge ndilo la mwisho kuwa na mtu ndani yake. Na hakuwa mtu mzuri."

Sikuamini. Nilikuwa mwalimu, msichana wa vitabu. Lakini siku ya pili yake, mchana, nikiwa kwenye meza yangu, ile sauti ikaanza tena jikoni, pu, kimya, pu, na nikakaa nikiisikiliza mpaka ule mkwaruzo wa mwisho bila kuthubutu kwenda. Asubuhi iliyofuata nilipanda Sagalla kwa miguu.

Mama mkubwa nilimkuta uani akipepeta maharagwe kwenye ungo. Mlima wote ulikuwa na rangi ya gunia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekonda. Unafundisha nini huko chini, njaa?"

"Mama hali."

"Watu wa mjini hawali. Wanakunywa chai na kusoma magazeti."

"Anasema ulimeza maji."

Mikono yake ikasimama. Maharagwe yaliendelea kuzunguka kwenye ungo kitambo kidogo baada ya mikono kusimama, na sote wawili tuliyatazama mpaka yalipotulia.

"Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani," akasema. "Sitemitemi kama paka."

"Sikuombi uteme. Nakuomba uje."

"Si nasikia unampikia kwa vitabu?"

"Vimeshindwa."

"Vishindwe vizuri. Shuka, jua lisikukute njiani."

Nikashuka. Nilikuwa na hakika haji.

Alikuja siku ya soko, bila taarifa, kikapu kichwani, akaingia moja kwa moja jikoni kana kwamba jiko ni lake. Ndani ya kikapu mlikuwa na mihogo, maharagwe, samli kidogo kwenye chupa, na chungu cha bibi, cheusi, kimefungwa kwa leso. Akakiona kitabu changu juu ya stuli. Akakifungua, akakisogeza mbali na macho kama wanavyofanya watu wasiotaka kukubali miwani.

"Chukua mayai sita," akasoma. "Kutoka kwa nani? Chukua ratili mbili za nyama. Chukua, chukua. Hiki ni kitabu cha mapishi au cha askari?"

"Ndivyo vinavyoandikwa, mama mkubwa."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Nani?"

"Aliyesema chukua."

Akakitoa nje, akakiweka juani, akakaa mahali pake.

Akawasha makaa, akapika. Maharagwe yalichukua muda, mihogo ikafuata, na joto la makaa na joto la Voi vikawa kitu kimoja. Kisha akaanza kuponda. Nilikuwa nimejiandaa kuusikia mdundo ule niliousikia mchana ule, lakini haukuwa ule. Mama mkubwa aliponda haraka, kwa hasira, kama anayefukuza kitu kutoka shimoni. Pupupu, pupupu. Akasimama kufuta jasho. Mwiko ulikuwa mkononi mwake, juu, mbali na chungu.

Pu.

Mzito, wa taratibu. Na baada yake mkwaruzo, mrefu, kuzunguka ukuta wote wa ndani.

Mama mkubwa hakunitazama mimi. Alikitazama chungu. Juu ya kimanga, pale alipokuwa ameacha mashimo ya mwiko, palikuwa laini.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijapanda kwako."

"Na mama yako, anasikia?"

"Anasema apunguze moto."

Akacheka ghafla, kicheko kifupi cha puani, na uso wake ukaanguka. "Huo ni mkono wa mama. Mlete hapa," akasema.

Nilimleta mama nimemshika kiunoni, mwepesi kama nguo iliyokauka kambani, nikamkalisha kwenye kizingiti cha jiko. Dada hawa wawili walitazamana. Hawakuwa wameonana tangu matanga.

"Umekuwa uzi," akasema mama mkubwa. "Utajishona mwenyewe."

"Na wewe umenenepa msibani."

"Nimekula cha wageni. Wengine walikuja wamechelewa."

Akachota maji kwenye debe kwa kikombe cha bati. Nikasema, kabla sijajizuia, "Maji ya foleni hayo."

"Basi yatafanya kazi. Yamesubiri."

Akasimama mlangoni, juu ya kichwa cha mama, akasukutua, akapuliza nje. Udongo mwekundu wa ua ukayanywa mara moja.

"Nilimgeuza mama kitandani usiku na mchana," akasema. "Wewe ukaleta sukari na leso." Akapuliza tena. "Nilimwosha. Wewe ukatuma salamu na dereva wa lori."

"Si hiyo uliyoimeza," mama akasema.

"Nyamaza. Nafika."

Lakini hakufika upesi. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Kwenye barabara kuu lori lilipita, likaisha. Aliposema, alisema bila maji, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza bei ya sokoni.

"Siku ya mwisho alinishika mkono akaniita kwa jina lako. Nikasema, mama, ni mimi. Akaniita tena kwa jina lako. Macho yalikuwa yameshakwenda. Akaniuliza, mwanangu, umekula? Mimi niliyekuwa nimempikia mwaka mzima, mimi niliyekuwa nimesimama pale na njaa yangu, ananishika mkono anakuuliza wewe kama umekula. Nilikasirika masikio yakawaka. Nikamjibu kwa sauti yako. Unajua naiweza sauti yako. Nikasema, nimekula mama, nimeshiba, sitaki tena. Akasema, vizuri. Akafa."

Aliposema yale maneno, nimekula mama, nimeshiba, sitaki tena, hakuyasema kwa sauti yake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na niliisikia sauti ya mama yangu ikitoka mgongoni mwa mtu mwingine, changa, tamu kidogo, huku mama mwenyewe amekaa pale chini mdomo umefungwa.

Mama akainua uso. Kisha akasema, "Siku ile sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nilikuwa narudi na vitambaa kutoka Mombasa, lori likakwama Maungu."

"Sikujua."

"Ulisema sitaki tena."

"Nilisema."

"Basi ondoa."

Mama mkubwa akatia funda kubwa mdomoni, mashavu yakajaa, macho yakamtoka, na kwa kitambo niliona koo lake likisita. Akainama akapuliza kwa nguvu, mpaka tone la mwisho, akapuliza hata lilipokuwa halipo, mpaka akakohoa. Kisha akasema kwa lugha yetu ya mlimani kwamba moyo wake umepoa, kwamba aliyesema ameshiba si yule aliyeulizwa, na kwamba aliyeulizwa ana njaa. Alimwambia nani, sijui. Alikuwa ameelekea chunguni.

Akachota tonge kwa vidole, akalipuliza lipoe, akampa dada yake.

Mama akalitia mdomoni. Akatulia kama kawaida yake, akasikiliza. Niliitazama shingo yake nyembamba kama nilivyokuwa nikiitazama majuma yote yale. Ikapanda, ikashuka. Akanyoosha mkono kwa tonge la pili. La tatu alijichotea mwenyewe.

"Chumvi kidogo," akasema.

Nililia palepale, nimeshika mfuniko. Ilikuwa ni mara yake ya kwanza kulalamika juu ya chumvi tangu msiba.

Nimejaribu tangu siku hiyo kukiandika kimanga kile kama vitabu vinavyotaka. Ningeweza kuwapa watu wa jarida wakachapisha. Chukua mihogo, ondoa mzizi wa katikati. Chemsha maharagwe mpaka yakubali. Naendelea vizuri mpaka nafika kwenye maji. Yale maji hayana pa kukaa ukurasani. Hayaingii chunguni, hayaungui, hayapimwi kwa kikombe cha aina yoyote, na bila hayo mgonjwa wangu angelitoa tonge kwenye kitambaa. Niliwaandikia marafiki zangu badala yake kwamba kitabu cha mapishi ninachotaka kusoma ni kile kinachoanza kwa kuniambia nani amekasirika na nani, na nani aliuliza nini kabla ya kufa. Walijibu kwamba hiyo ni riwaya. Mimi naona ni upishi, na naona waandishi wetu wa chakula wameliruka jambo hilo kwa sababu lina aibu, kama tu lilivyorukwa pale matangani mchungaji alipokaribia.

Mama alikula mpaka akachoka. Mama mkubwa hakugusa. Aliosha mikono, akakung'uta kikapu, akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Hujala," mama akasema.

"Nitakula kwangu."

"Kaa, dada. Utapanda kesho."

"Na kuku wangu watafungiwa na nani? Wewe?"

Akapita sebuleni kuelekea mlango wa mbele. Mama akainuka. Nilikimbia kumshika, akanisukuma, akamfuata dada yake peke yake, mkono ukutani, hatua baada ya hatua.

"Usinisindikize," mama mkubwa akasema bila kugeuka. "Utaanguka njiani."

"Sikusindikizi. Nataka kufunga, ulichokipuliza kisirudi ndani."

Mama mkubwa akasimama kidogo kizingitini, mgongo kwetu, kama mtu aliyetaka kuongeza neno akaliona halitoshi. Akatoka. Mama alingoja mpaka nyayo zilipopita ua wa jirani, akausukuma mlango kwa mikono yote miwili, akatia komeo.